Jezi ya Mrisho Nyundo

Siku kaka yangu Nassor alipomimina chai nje ya kikombe, akaendelea kumimina huku akinitazama na kutabasamu, ndiyo siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu. Chai ilienea juu ya meza, ikatiririka ukingoni, ikamwagikia mguuni mwake. Ilikuwa ya moto. Hakuondoa mguu.

Nikamwambia, "Kaka, chai."

Akatazama birika, akatazama meza, kisha akaniuliza kwa sauti ya upole kabisa, "Mama amekwenda wapi asubuhi yote hii?"

Mama yetu, mwanangu, alikuwa kaburini tangu mimi sijajua kusuka nywele zangu mwenyewe.

Nakusimulia haya kwa sababu juzi nimekuona na jezi yako mpya, ile nyekundu yenye jina la mtu mgongoni. Ulinikalisha ukanisomea kwenye simu maisha ya mwenye jina hilo: alianza timu gani akiwa mdogo, akahamia wapi, alifunga mabao gani, alibeba vikombe gani. Nilifurahi kukusikiliza, una sauti ya kusoma. Lakini ulipofika mahali palipoandikwa kwamba alistaafu, ukaizima simu, ukaenda zako kuoga, kana kwamba mtu yule ameyeyuka kama barafu kwenye glasi. Mwili ulinisisimka. Nimekaa na baridi ile tangu juzi. Leo sogeza mkeka, unisikilize.

Nyumba yetu ilikuwa Gongoni, mbele duka la nguo, nyuma ua. Babu wa baba yangu alikuja kutoka Omani zama za misafara, akaoa hapa, akazikwa hapa, na sisi kwa Kiarabu tulijua kuswali, kusalimiana na kutukana kidogo, basi. Kila kitu kingine tulikisema kwa Kiswahili cha Tabora. Hata hivyo, miaka ile baada ya uhuru, zilipotufikia habari za mambo yaliyowapata jamaa zetu visiwani, baba alianza kufunga duka kabla ya magharibi. Lilipokuja Azimio, watu wakawa wanakaa mikutanoni wakizungumza habari za wanyonyaji. Wengi walikuwa majirani wema, wakipita dukani wanatuamkia kama zamani. Wachache walipita bila kutuamkia. Baba alijua majina ya hao wachache, na akilala alikuwa akiyataja.

Kilichotufanya tulale ni Nassor.

Nassor alikuwa beki wa kati wa timu ya mji. Mrefu, mwembamba wa kiuno, shingo kama mlingoti. Mpira wowote wa juu ulikuwa wake. Aliruka kabla ya wenzake, akakaa hewani kama aliyeshikwa na mkono, akaupiga kwa paji la uso hadi unavuka nusu ya uwanja, na watu wakaimba. Wewe hujui mpira wa siku zile. Ulikuwa wa ngozi nene, umeshonwa, mdomo wake umefungwa kwa kamba, na kamba ile ikikugonga vibaya inakuchana. Mvua ikinyesha ulikunywa maji, ukawa mzito kama jiwe la kusagia. Nassor aliupiga hivyo hivyo. Kwa sababu yake baba hakuitwa tena Mwarabu wa duka. Aliitwa Baba Nassor, na vijana walewale waliokuwa hawaamkii walimbebea magunia mpaka ndani.

Sasa sikiliza. Mwaka ule, kabla ya mvua kuanza, tulicheza na timu kutoka Mwanza. Nassor na mshambuliaji wao waliurukia mpira mmoja, vichwa vikagongana, na mlio wake ulisikika hadi tulikokaa wanawake. Kaka yangu alianguka macho wazi. Macho wazi, mwanangu, na hayatazami kitu. Wakammwagia ndoo ya maji. Akasimama akiyumba, akaelekea lango lisilo lake, wakamgeuza, akarudi mchezoni, akaokoa mpira kwa kichwa kilekile. Uwanja ulilipuka. Walimbeba mabegani kutoka uwanjani mpaka mlangoni petu wakiimba, na baba akasimama kizingitini akiwagawia halua, machozi yakimtoka kwa fahari.

Ilikuwa baada ya hapo ndipo chai ilipomwagika.

Si chai tu. Alichukia mwanga, akataka madirisha yafungwe mchana. Alivaa viatu, akavivua, akavivaa tena. Siku moja aliniita kwa jina la mama, nami nikaitika kwa sababu sikujua la kufanya. Alikuwa mtu wa mzaha, amezoea tangu utotoni kunitania kwamba nina kichwa kikubwa kama boga la Sikonge. Sasa alikaa ukutani akishika kichwa chake kwa mikono miwili, kama mtu anayezuia kitu kisimwagike. Halafu asubuhi ya pili anaamka mzima, anacheka, anakula, anakwenda mazoezini, na mimi najiambia nimeota. Hofu ya namna hiyo ndiyo mbaya. Inakuacha upumue kidogo, kisha inarudi.

Nilimwambia baba. Nilimkuta dukani akipima kitambaa.

"Baba, Kaka hayuko sawa. Leo ameniuliza mama yuko wapi."

Akaendelea kupima. "Amechoka."

"Hajachoka, baba. Kichwa chake kina kitu."

Hapo akaweka mkasi chini, akatazama mlangoni kama kuna mtu. "Salma. Sikukuu ya uhuru wanakuja watu wa Kigoma kucheza, na mji mzima unamsubiri yeye. Unataka niende nikawaambie mwanangu hachezi, ana kizunguzungu? Watasemaje? Watasema sikukuu ya uhuru, kijana wa Kiarabu amekataa." Sauti yake ilitetemeka. Sikuwa nimewahi kumsikia baba akitetemeka sauti. "Baada ya sikukuu tutampeleka hospitali. Baada ya sikukuu. Usiseme na mtu."

Nikaelewa kwamba yeye alikuwa na hofu yake, kubwa kuliko yangu au sawa nayo, na kwamba mtu mwenye hofu hawezi kukupokea yako. Nikarudi jikoni.

Basi kulikuwa na kijana wa Kimarekani, Deni, aliyekuja kujitolea kufundisha hisabati kwenye shule ya sekondari. Ijumaa alikula pilau kwetu, na Kiswahili chake kilikuwa kinachechemea lakini kinafika. Alikuwa na kadi ndogo ndogo za wachezaji wa kwao, mbele picha, nyuma maelezo: mzaliwa wa wapi, alicheza miaka gani, alikimbia umbali gani na mpira mkononi. Ndiyo, mkononi. Mpira wenyewe umechongoka kama papai, na hao mabwana wamevaa kofia ngumu na mabega ya kubandika.

Nassor aliishika kadi moja, akacheka. "Mwalimu, huyu anakwenda kucheza au kuendesha pikipiki?"

"Anacheza," akasema Deni. "Wanagongana sana."

"Na kofia zote hizo? Mimi nagongana na kichwa nilichopewa na Mungu. Waambie waje Tabora tuwafundishe."

Kila mtu alicheka, na Deni pia, ila alikikata kicheko chake mapema kuliko wengine. Niliona. Wakati ule sikujua kwa nini.

Pale barazani alikuwapo Mzee Shabani, seremala, mwenyekiti wa kamati ya timu, mtu wa kahawa na maneno mengi, moyo mzuri. Deni akaeleza kwamba kwao, siku za sherehe, wachezaji huvaa jezi za zamani, za rangi na mshono wa enzi za mashujaa wao, na watu huzipenda kuliko mpya. Kuna anayevaa namba ya mtu aliyecheza kabla yeye hajazaliwa. Mzee Shabani aliweka kikombe chini.

"Sisi tunayo," akasema. "Tunayo ya Mrisho Nyundo. Iko kwa mjane wake, kijijini Ntalikwa. Nassor ataivaa siku ya uhuru."

Mrisho Nyundo lilikuwa jina ambalo watoto wa Tabora walilijua kabla ya kujua jina la mkuu wa wilaya. Alikuwa mpagazi wa stesheni enzi za Mwingereza, na hakuna aliyepata kupiga mpira wa kichwa kama yeye. Alikufa mimi nikiwa mdogo. Nassor aliposikia kwamba ataivaa jezi ile, uso wake uling'aa vile ambavyo sikuwa nimeuona tangu mechi ya Mwanza, nami nikataka kufurahi naye, nikashindwa.

Zamani, na sijui kama bado mnafanya, wanaume hawakwenda kuomba kitu nyumbani kwa mjane bila kutanguliwa na mwanamke. Ndivyo nilivyopelekwa. Tuliondoka asubuhi: Mzee Shabani na kofia yake ya sala, Deni, Nassor, na mimi mbele na kopo la asali ya Sikonge na doti ya khanga ambayo baba aliichagua mwenyewe. Tulifuata njia ile ya mchanga waliyopita wapagazi wa misafara, mashamba ya karanga huku na huku yakiwa yameanza kuchipua, mbingu ina mawingu hapa na pale. Nassor alikuwa na siku nzuri. Alimtania Deni kwa jua lilivyompika shingo, akaimba, akaokota fimbo. Katikati ya njia aliniuliza, "Tunakwenda wapi?" Nikamwambia, kwa Bi Kalunde, mjane wa Mrisho. "Ah, ndiyo," akasema. Tukaenda kidogo. Akaniinamia sikioni, taratibu, ili wengine wasisikie: "Salma, tunakwenda wapi?"

Nikamjibu tena, nikaendelea kutembea.

Bi Kalunde alikuwa mama wa Kinyamwezi, mweusi wa kung'aa, mkavu, amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba yake akimenya karanga. Mzee Shabani akampa shikamoo, Nassor akamwamkia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka, mama," naye akaitika akimtazama muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika. Nikaweka asali na khanga mbele yake kwa magoti. Akanishika kichwa, akaniambia niketi karibu yake.

Mzee Shabani alijua adabu ya kuomba. Hakuitaja jezi. Alianza kumsimulia marehemu, kama inavyotakiwa, mwenye nyumba asikie kwamba mtu wake hajasahauliwa. Na alijua kusimulia. Alimtoa Mrisho utotoni akicheza miguu mitupu na mpira wa matambara kando ya reli. Akampeleka stesheni kubeba mizigo, ndiko ilikotoka shingo ile. Akamwingiza kwenye timu siku beki mmoja alipougua homa, akamvusha misimu yote, Kigoma, Mwanza, Dodoma, bao la kichwa lililopigwa toka mbali hata kipa akabaki anatafuta mpira mikononi mwake. Akataja mara zote alizoangushwa akazimia akainuka. Hapo alipaza sauti. "Hakuna aliyemwona Mrisho akibaki chini," akasema. "Mara ya mwisho alicheza damu inamtoka sikioni, mama, na alitoka uwanjani yuko juu ya mabega yetu." Nassor alikuwa amesogea mbele, mdomo wazi kama mtoto.

Bi Kalunde alipukuta maganda mapajani. "Umemaliza, Shabani?"

"Nimemaliza, mama."

"Umemwacha wapi?"

Mzee Shabani akatabasamu bila kuelewa. "Nimemwacha hapo. Mabegani."

"Basi mimi nampokea hapo."

Aliinuka, akaingia ndani, akatoka na jezi imekunjwa. Ilikuwa nyekundu zamani, sasa rangi ya udongo, kola imechakaa, shingoni imetanuka. Akaikunjua mapajani kwake. Kifuani kulikuwa na doa kubwa, jeupe kama majivu.

"Hilo mnaloliona ni uji," akasema. "Nimelifua, halitoki, kwa sababu liliingia kila siku. Mume wangu alikuwa akiivaa hii asubuhi na kuivua usiku, na akinyang'anywa alilia. Alidhani ana mechi. Nilimlisha kwa kijiko, na kijiko kikichelewa anasahau kumeza." Hakuwa akilia. Alisema kama mtu anayeeleza njia ya kwenda kisimani. "Mrisho hakuwahi kuniinulia sauti. Baadaye akawa ananipiga, kwa kuwa hanijui, anaona mwanamke mgeni ndani ya nyumba yake. Nilijifungia kwenye ghala la mahindi mpaka alale. Aliponyoka akaifuata njia hiyo mliyokuja nayo. Watu wa Sikonge waliokuwa wanapeleka asali mjini kwa baiskeli walimkuta amekaa mchangani, anauliza garimoshi linafika saa ngapi. Hakuwa mzee. Hakuwa na mvi hata moja."

Kuku walikuwa wakiparua maganda.

"Uliambiwa ana homa, Shabani, ukaamini, kwa kuwa mimi ndiye niliyesema ni homa. Niliona aibu kwa ajili yake. Lakini mlikaa mji huohuo. Mlimbeba mabegani, mkaja kumbeba tena kwenye jeneza. Hapo katikati hamkuja."

Mzee Shabani alivua kofia yake, akaishika.

Deni ndiye aliyesema, na Kiswahili chake kilikuwa kimechechemea zaidi. "Baba yangu," akasema. "Yule wa kadi niliyompa Nassor kushika. Ni baba yangu. Anakaa kwenye kiti, anatazama barabara. Haniiti jina langu. Watu wanakuja kupiga picha na jezi yake. Nilisema habari ya jezi. Hii nyingine sikusema."

Bi Kalunde akanigeukia. "Kijana huyu nani anamtandikia kitanda?"

"Mimi, bibi."

"Basi sema."

Mwanangu, nilikuwa msichana wa kukaa jikoni. Sikuwa nimewahi kusema mbele ya wanaume wanaokaa na baba yangu. Nilimwona baba akilini mwangu, dukani, anatazama mlangoni. Niliona wale wachache wasiotuamkia. Niliwaza kwamba nikifungua mdomo, siku ya sikukuu watu watakuja Gongoni na mawe. Na Nassor alikuwa ananitazama, jicho la kaka linalosema nyamaza, jicho ambalo maisha yangu yote nililitii. Sauti ilinitoka nyembamba kama ya mgonjwa. Nikasema ya chai. Nikasema ya madirisha na viatu.

Nassor alicheka. "Huyu mwoga, mama. Mende akiruka anazimia. Mimi mzima, nitazame." Akapiga kifua.

"Nakuona, baba," akasema Bi Kalunde kwa upole. "Mmekuja kwa njia gani leo?"

"Kwa njia hii hii."

"Na nani aliyekuongozeni?"

Akageuka, akatutazama mmoja mmoja, Mzee Shabani, Deni, mimi. Niliona macho yake yakitafuta, kama mtu anayepapasa ukuta gizani. Kisha yakatulia, akatabasamu, lile tabasamu la siku ya birika.

"Mama," akasema. "Mama ndiye aliyetuleta. Amepita hapo nyuma kuchota maji."

Mzee Shabani ndiye aliyemkatia mama yetu mbao za kaburi kwa mikono yake. Alikaa chini kwenye maganda ya karanga, akajifunika uso kwa kofia.

Jezi haikutolewa. Bi Kalunde aliikunja, akairudisha ndani, akatufungia karanga za njiani, na khanga akanifunga mimi mabegani kwa kuwa nilikuwa natetemeka na jua linawaka.

Jioni ile Mzee Shabani alimwambia baba kwamba Nassor hachezi, basi. Siku ya sikukuu ilinyesha. Kaka yangu alikaa pembeni ya uwanja amevaa kanzu, baba kulia, mimi kushoto, na kila mpira wa juu uliporuka mwili wake uliruka, nami nikamshika mkono kwa nguvu zangu zote. Tulifungwa. Ule mpira uliolowa ulipita juu ya vichwa vyetu mara kwa mara, na palipokuwa pake hapakuwa na mtu. Watu walianza kutugeukia kabla ya filimbi. Nilisikia mmoja akisema Mwarabu ameuza mechi. Na mwingine akasema vivyo hivyo. Tulirudi nyumbani kwa hatua za haraka, tusikimbie, maana ukikimbia unakimbizwa, na baba akaweka komeo, akaegemeza meza mlangoni.

Jua lilikuwa halijazama. Jiwe la kwanza liligonga bati, likabiringika, likaanguka uani. La pili likagonga mlango. Baba alikuwa amekaa sakafuni nyuma ya marobota ya kitambaa, midomo inakwenda, na hakunilaumu, jambo ambalo liliniuma kuliko kama angenilaumu. Nilijua ni mimi niliyewaleta. Niliwaza, nimemwokoa mmoja, nimewaua watatu.

Halafu tukasikia kitu kinaburuzwa barazani. Nikachungulia kwenye ufa wa dirisha. Mzee Shabani alikuwa ameleta benchi kutoka karakana yake, ameliweka mbele ya mlango wetu, akaketi katikati yake, na birika la kahawa miguuni.

"Nani ameuza mechi?" akauliza. Hakupaza sauti. "Njoo, Juma, nimekuona na jiwe lako, nimemtengenezea baba yako kitanda, sikujua anazaa mpiga mawe. Mimi ndiye mwenyekiti. Mimi ndiye niliyemzuia Nassor. Anayetaka kuniuliza sababu akae hapa, nimsimulie Mrisho Nyundo alivyokufa, toka mwanzo mpaka mwisho, na safari hii sitamwachia mabegani."

Wengine waliondoka wakinung'unika. Wengine walikaa kwenye benchi. Alisimulia mpaka adhana, na hata waliokuja na mawe wakamsikiliza.

Nassor hakucheza tena. Usidhani alinishukuru. Kwa muda mrefu hakula chakula kilichopita mkononi mwangu. Alisubiri baba amwekee. Alisema nimemzika hai. Alikwenda hospitali, akaambiwa apumzike, akapumzika kwa hasira. Polepole maumivu yalipungua, mambo yakarudi mahali pake, si yote. Aliuza asali, akaoa, akapata watoto, anawajua kwa majina, na siku mke wake alipojifungua wa kwanza ndipo alipokuja jikoni, akajipakulia sahani ya wali wangu, akaniambia, "Wewe boga, umezidisha chumvi."

Yuko hapo nyumba ya pili, unamjua, Babu Nassor wako. Ni mzee sasa, na mzee yeyote husahau miwani yake. Lakini mimi kila asubuhi nakwenda kumwamkia, na kati ya shikamoo yangu na marahaba yake kuna nafasi ndogo ambamo sipumui. Ikija na jina langu, "Marahaba, Salma," naendelea na siku yangu. Nimeishi katika nafasi hiyo miaka yote hii. Hofu haikuniacha, mwanangu. Nimezoea kutembea nayo tu.

Sasa nikuambie neno langu, ulishike. Penda mashujaa wako, vaa jezi zao, soma mabao yao kwa sauti yako nzuri. Lakini ukifika wanapoandika kwamba mtu alistaafu, usiizime simu. Uliza alikwenda wapi, nani alimlisha, alimjua mkewe au hakumjua. Mchezaji ana mwili kama wako, na ukimshangilia anapoinuka na damu sikioni, nawe umo miongoni mwa wanaomrudisha chini. Siku utakapocheza ukagongwa, ukaona nyota, toka uwanjani, hata wakikuzomea. Kuzomewa kunaisha na jua kuzama. Na ukimwona mtu wako anamimina chai nje ya kikombe, sema. Usisubiri hofu iishe kwanza, haiishi. Sema sauti ikitetemeka, sema mbele ya watu, sema hata kama mwenyewe anakukataza kwa jicho. Na kama wewe siku moja ndiye unayesemewa, usimwite mwoga anayekuhofia.

Mola akulinde kichwa chako na moyo wako. Akupe nyumba ambayo ndani yake yuko mtu anayekutazama kwa makini unapokunywa chai, akupe na unyenyekevu wa kumwamini. Uwazike wazee wako, wao wasikuzike wewe. Na ukiwa na umri wangu, wanao wakikuamkia, uwaitikie kila mmoja kwa jina lake.